Mhadhiri Kwenye Masufuria ya Matanga

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na kwa mwalimu wa chuo dakika kumi ni za kutafuta kalamu ya ubao, lakini nitajitahidi.

Kabla sijaanza niseme jambo moja. Haya ninayoyasimulia yana watu ndani yake, watu hao wana majirani, na majirani wana simu. Kwa hiyo sitataja jina la mtu. Atakayemtambua yeyote, anyamaze kama Mkristo.

Kazi yangu ni kufundisha ujasiriamali, pamoja na biashara ya kijamii, yaani ile biashara ambayo faida yake ya kwanza ni watu kusaidika, pesa zije baadaye. Nimefundisha miaka kumi na miwili. Katika miaka yote hiyo kitu pekee nilichowahi kuuza ni nakala za notisi zangu, na walionunua hawakuwa na hiari, maana mtihani ulitoka mle mle.

Basi siku moja nilikuwa nimechora ubaoni ile karatasi yangu ya visanduku tisa. Ndugu zangu, nawaambia, ile karatasi naipenda. Kisanduku hiki unaandika mteja wako ni nani, kile unaandika utamfikiaje, na ukishajaza vyote tisa unajiona tajiri hata kama nauli ya kurudi nyumbani huna. Kiongozi wa darasa, msichana wa mwaka wa tatu, akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu zake zote, "Samahani, mwalimu. Wewe mwenyewe umewahi kufanya biashara gani?"

Hata wale waliolala nyuma wakaamka. Nikamwambia, "Swali zuri sana. Tutalijibu wiki ijayo." Walimu wenzangu mlio humu, msinicheke, jibu hilo mnalitumia.

Sasa niwaeleze habari ya masufuria. Mtaani kwetu Kisauni kuna chama cha akina mama, Waislamu na Wakristo pamoja. Mali yao ni masufuria makubwa, yale mtoto anaweza kuingia akaoga, na sinia, na miiko mirefu, na majamvi, na turubai mbili. Mtu akifa hakuna anayeandika barua. Kilio kikisikika, stoo inafunguliwa nyumbani kwa mwenyekiti, na kabla mfiwa hajafuta machozi moto ushawashwa uani kwake. Wanapika, wanaosha, wanapika tena, mpaka matanga yaanuliwe. Marehemu mama yangu alikuwa mwanachama, na alipofariki nafasi yake nikairithi mimi.

Nikaifanyia nini? Mchango nilituma kwa simu. Msibani nilifika chakula kikiwa tayari, nimevaa miwani nyeusi. Kitunguu cha msiba sikuwahi kukata hata kimoja.

Chuo kikatoa agizo kwamba kila somo liwe na mradi wa kuinufaisha jamii. Nikasema moyoni, hapa hapa! Swali la yule msichana litapata jibu, na mama zangu wa sufuria watainuka. Nikawachukua wanafunzi arobaini mpaka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa na wazee wake wazaliwa wa Mombasa. Hana sauti kubwa, wala hana haja nayo.

"Karibuni wanangu, starehe," akasema, na watu arobaini na mmoja tukalishwa mahamri na mbaazi kwa notisi ya nusu saa. Tulipokwisha kula, wanafunzi wakatoa fomu zao wakauliza, "Changamoto zenu ni zipi?"

"Hatuna, alhamdulillahi."

Wanafunzi wakanitazama. Mimi nikawaambia kwa Kiingereza, sauti ya chini, kwamba mara nyingi jamii haizijui changamoto zake yenyewe. Mungu anisamehe. Yule mama amesoma shule ya masista, na Kiingereza chake kinakishinda changu. Nilikuja kujua baadaye.

Nikamweleza mpango wangu hatua kwa hatua. Kila hatua akajibu, "Inshallah, mwalimu." Nilihesabu inshallah sita. Nikaandika kwenye ripoti kwamba jamii imekubali kwa kauli moja. Naona wenyeji mnacheka, maana mnajua inshallah ya namna hiyo ni hapana ya adabu. Mimi nami ni mzaliwa wa huku, kwa hiyo sina kisingizio chochote.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wanafunzi walitengeneza programu ya simu, ile wenyewe wanaita apu. Mwenye shughuli anajaza fomu humo, anaeleza anataka sufuria ngapi, na siku ikifika anatumiwa namba ya siri ya kufungulia stoo. Kufuli la zamani tulilitoa, tukaweka la kisasa la kubonyeza namba. Masufuria tukayapaka nembo ya manjano yenye maneno niliyoyatunga mwenyewe: "Tunakujali Mpaka Mwisho." Rangi nilichagua mimi, isiyotoka. Wanafunzi wakashonewa fulana za manjano. Tukaenda kwenye maonyesho ya chuo, tukapewa kikombe, nikapigwa picha nimekikumbatia. Kati ya akina mama wa sufuria, hakuna hata mmoja aliyealikwa.

Kosa lilikuwa kwenye fomu. Hatukuitunga sisi. Mwanafunzi mmoja aliipata kwa ukumbi mmoja wa harusi kule Shanzu, akafuta neno "harusi" akaweka neno "shughuli". Mimi niliipitisha. Nilisahihisha nukta na mkato, nikaipa alama ya juu.

Msiba wa kwanza ukawa wa mzee mmoja fundi cherehani, mtu aliyeshona sare za shule za nusu ya mtaa. Alikwenda hospitali kupimwa presha, hakurudi. Akina mama wakafika stoo wakakuta kufuli la namba. Mtoto wa marehemu akaambiwa ajaze fomu kwanza. Kijana wa watu, macho yamevimba, akakaa juu ya gunia la mchele akaanza kujaza.

"Jina la mhusika mkuu wa shughuli." Akaandika jina la baba yake. Alikosea wapi? "Namba ya simu ya mhusika mkuu." Akaandika ya baba yake. "Je, mhusika mkuu atahudhuria mwenyewe? Ndiyo au Hapana." Hapo, nimeambiwa, alifikiri kidogo, kisha akabonyeza Ndiyo.

Ndugu zangu, programu yetu ilifanya kazi bila hitilafu. Ikapokea maombi, ikayakubali, ikatuma namba ya kufuli kwa marehemu.

Simu ya marehemu ilikuwa imezima, imo kwenye mfuko wa nguo zake za hospitali, na mfuko uko chumbani miguuni pa mjane, na mjane amezungukwa na watu wanaolia. Nani angeingia kusema, "Pole mama, tunaomba simu ya mzee, ametumiwa namba"? Nikampigia mwanafunzi aliyeitengeneza programu. Alikuwa kwenye mtihani. Tena mtihani wangu! Jua linapanda, wageni wanatoka Likoni na Kilifi, vitunguu vimeshakatwa, na vijana wangu wenye fulana za manjano wamejipanga mlangoni kama watu wa kuuza laini za simu. Wageni waliofika mapema walinywa chai ya kuazima kikombe kwa kikombe.

Mwenyekiti akaingia ndani kwake, akatoka na mchi wa kinu, akalipiga kufuli mara mbili. Stoo ikafunguka.

Mkidhani yameisha, hayajaisha. Sufuria zikawekwa motoni, na rangi isiyotoka ikagundua kwamba motoni inatoka, angalau nusu yake. Wali wote ukanuka gereji. Watu wakala, kwa sababu msibani hakuna anayelalamikia chakula, lakini niliona mzee mmoja ananusa kijiko chake kabla ya kila tonge.

Siku ya kuzika, mpwa wa marehemu akaichaji ile simu ili apate namba za jamaa wa mbali. Ikawaka, na ujumbe uliokuwa ukingoja ukaingia kwa pamoja. Akaona mmoja umetoka kwa chama cha akina mama wa sufuria. Akadhani ni rambirambi, akaupeleka mbele kwa mwendesha shughuli. Yule bwana ana sauti nzito, mnajua sauti za watu wa kusoma rambirambi, na hasomi kwanza kimoyomoyo. Akasimama mbele ya jeneza akasoma: "Ndugu mpendwa, asante kwa kutuchagua. Tunatumaini ulifurahia huduma yetu. Tungependa kukuhudumia tena hivi karibuni. Tafadhali mpendekezee rafiki."

Halafu mjane akacheka. Alicheka mpaka akashikwa asianguke, kisha kicheko kikageuka kilio, na kilio kile nikajua ni mimi nimekiongeza. Hata leo nikikumbuka kicheko najikuta nacheka, nikikumbuka kilio naona aibu.

Tuliporudi kutoka makaburini mwenyekiti akanijia, akanishika mkono kwa upole. "Mwalimu," akasema, "umechoka. Nenda nyumbani ukapumzike."

Wa bara mliomo humu mtadhani alinionea huruma. Kwa Pwani hiyo ni hukumu, na haina rufaa. Mwezi ule nilipita njiani nikaona moshi mkubwa uani kwa watu, mama zangu wamejaa, na hakuna aliyeniambia kuna msiba. Mchango niliotuma kwa simu ulirudishwa siku hiyo hiyo.

Nilijikaza. Nikajiambia mimi ni msomi, nina kazi zangu. Tatizo lilikuwa baba yangu.

Baba yangu alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, sasa ana miaka themanini na ushee, na wakati huo alikuwa na ngiri. Daktari alikuwa ameshasema apasuliwe, kwani utumbo ukibanwa siku moja hatutakuwa na muda wa kufika. Mzee alikuwa amekubali. Aliposikia nimepumzishwa, akakataa.

"Sasa mimi nitakufaje?" akaniuliza.

"Baba, ni ngiri tu. Hakuna anayekufa."

"Fundi naye ilikuwa presha tu." Akajiweka sawa kitini. "Nikifa, watu watakula nini? Watajaziwa fomu? Mama yako ameosha sufuria za mtaa huu maisha yake yote, halafu mimi nizikwe kwa mikate ya dukani? Siendi hospitali popote mpaka uyatengeneze."

"Na ngiri je?"

"Ngiri tutangojana nayo."

Nawaambia ukweli, hapo kicheko kiliniisha. Kila akikohoa nilikuwa naruka kitandani. Kila akiinuka kitini alikuwa akishika kinena na kukunja uso, akidhani simwoni. Niliogopa. Baba yangu angeweza kufa kwa sababu mimi nimeweka kufuli kwenye stoo ya sufuria.

Nikaanza kutengeneza, kwa njia ninayoijua. Niliandika barua ya kuomba radhi, kurasa tatu, yenye vichwa vya habari: Utangulizi, Chanzo cha Tatizo, Mafunzo Yaliyopatikana, Mapendekezo. Mwenyekiti akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwalimu. Weka hapo." Nikarudi wiki iliyofuata, nikaiona hapo hapo, imewekewa birika la moto juu. Nikanunua sufuria mpya kubwa, inang'aa, nikaipeleka. "Ahsante, mwalimu, sufuria tunazo." Nikarudi nayo nyumbani, na watoto wa mtaa wakaifuata nyuma wakiipiga ngoma.

Aliyeniokoa ni yule msichana wa swali. Alikuja ofisini kuleta kazi za wenzake, nikaona mikono yake ina mikwaruzo na kucha nyeusi. Nikamwuliza ana nini. Akaona haya. Kumbe tangu msiba wa fundi alikuwa akienda peke yake kila kwenye matanga kuosha sufuria, kimya kimya. Akina mama walishamwita mwanetu.

"Mwalimu," akaniambia, "usiende tena kwa mwenyekiti. Nenda penye masizi."

Nikaenda. Msiba ulikuwa Mishomoroni, wa mtu nisiyemjua kabisa. Nilivaa leso na kandambili, nikapita nyuma ya nyumba mahali pa kuoshea, nikakaa kwenye kigoda. Hakuna aliyenisalimia. Mama mmoja akanisukumia sufuria kwa mguu, hivi. Naigeuza, naikuta ina nembo yangu. "Tunakujali Mpaka." Ile nusu nyingine ilishaungua, na nusu iliyobaki, wapendwa, haitoki! Nilisugua kwa mchanga, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa waya. Herufi ya T peke yake ilinichukua muda wa ibada nzima. Nilimlaani aliyechagua rangi ile, na aliyeichagua ni mimi.

Nilikwenda misiba mitatu. Wa kwanza, hakuna neno. Wa pili, hakuna neno, lakini mtu aliniwekea kikombe cha chai karibu na kigoda. Wa tatu nilikuwa nimemaliza sufuria nikaisimamisha kando, mama mmoja akapita akaichungulia, akasema, "Hapo bado." Nilifurahi kuliko siku niliyopewa shahada.

Jioni ile mwenyekiti akavuta kigoda akakaa kando yangu. Tukasugua pamoja. Baadaye akaniuliza, "Wajua kwa nini sisi hatuandikishi mtu?"

"Sijui, mama."

"Mtu aliyefiwa ukimwuliza swali, hata moja, ushamwongezea kazi. Sisi twaenda ili asiulizwe kitu. Wallahi, mwalimu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wali ni kisingizio."

Miaka kumi na miwili ya visanduku tisa, na hicho sikuwahi kuwa nacho. Nikamwuliza, nikiogopa, kuna kazi gani hasa inayowachosha.

"Kuzibeba," akasema papo hapo. "Shingo zetu zimekwisha. Kutoka stoo hadi kuvuka barabara ya Malindi na sufuria kichwani, si mchezo."

"Mbona hamkuwaambia wanafunzi siku ile?"

"Waliuliza changamoto. Hawakuuliza shingo."

Nikarudi darasani. Sikuchora kitu ubaoni. Nikawaambia wanafunzi swali la wiki ijayo limechelewa mwaka mzima, na jibu ni kwamba sijawahi kufanya biashara yoyote, na mradi wetu ulimtumia marehemu namba ya kufuli. Walipomaliza kucheka tukaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma tukaunda mkokoteni mpana, wa magurudumu ya pikipiki, unaobeba sufuria nne bila kugongana. Haukupakwa rangi.

Siku hizi somo langu limebadilika. Mwanafunzi wangu kabla ya kujaza kisanduku hata kimoja anakwenda kufanya kazi muhula mzima na watu anaotaka kuwasaidia: Likoni kwa wasafisha samaki wa Shelly Beach, hapa Changamwe kwa akina mama wa mitumba, popote. Haruhusiwi kuuliza swali la fomu. Wengine wananishtaki kwa mkuu wa idara kwamba siwafundishi. Nawashukuru hata hao.

Mchungaji ananitazama kwa jicho la saa, basi nishukuru upesi. Namshukuru yule mjane, aliyenipokea nilipokwenda kumpigia magoti, akaniambia mumewe angecheka kuliko yeye. Nawashukuru mama zangu wa sufuria. Namshukuru msichana wa masizi, ambaye sasa amehitimu na hajui kwamba siku hiyo nililia kwa furaha. Na kama kuna mtu hapa anataka kuisaidia jamii, nami nawapenda watu wa namna hiyo, namwomba akakae kwanza kwenye kigoda, asugue mpaka aambiwe hapo bado.

Sijamaliza, mchungaji, nivumilie. Sijasema habari ya mzee.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nampa baba chai barazani. Sauti zikaja getini, sauti tatu kwa pamoja. "Mwalimu! We mwalimu! Umelala? Kuna msiba Bombolulu. Njoo na kisu chako, na usije na butu!"

Hawakusema tafadhali. Nikakimbilia jikoni kutafuta kisu. Nilipotoka, baba alikuwa ameweka kikombe chini.

"Wamekuita?"

"Wameniita, baba."

"Wenyewe? Hukujipeleka?"

"Wenyewe."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akakawia kuivaa. Kisha akasema, "Jumatatu nipeleke nikapasuliwe."

Nikasimama pale barazani nalia, kisu mkononi, na mama mmoja akapaza sauti kutoka getini, "Lia ukifika, vitunguu vipo!"

Alipasuliwa Jumatatu hiyo, ndugu zangu, na amepona. Ameniomba niwaambie kwamba sasa hana haraka yoyote ya kufa. Mungu awabariki.